Rangi ya manjano ndani ya nyumba: kwa nini ya kwenye kadi ya dukani siyo utakayoiona ukutani

Kila Ramadhani ikianza kunukia maduka ya rangi Mombasa hayapitiki, kila mtu ataka nyumba iwe safi kabla ya Idd na wageni wake, na siku hizi kwenye magrupu ya WhatsApp kuna rangi moja inayoleta maneno kuliko zote, nayo ni manjano. Ile ya limau hakuna anayeitaka. Watu wataka ya asali, ya siagi, ya haradali, ile ya kwenye picha za Pinterest ambapo ukumbi mzima umechangamka na makochi ya kawaida tu yaonekana ya bei. Halafu baada ya wiki waja na malalamiko: huyu yake imetoka kijani, yule macho yamuuma akikaa sebuleni, mwengine mumewe asema tangu ipakwe rangi hiyo nyumba imezidi joto. Hapo fundi atatukanwa, na mwenye duka ataambiwa alichanganya vibaya.

Mara nyingi fundi hana kosa na duka halina kosa. Manjano ni rangi inayotegemea sana mwanga wa chumba, na mwanga wa chumba ndio kitu ambacho hakuna aliyekiuliza kabla ya kununua mkebe.

Tuelewane maneno kwanza. Watu wa rangi wakisema "manjano ya joto" wamaanisha manjano iliyoegemea upande wa nyekundu, na "manjano baridi" ni ile iliyoegemea kijani, basi, hakuna habari ya kipimajoto hapo. Weka limau lililoiva kando ya embe ngowe lililoiva utaona tofauti bila kufundishwa. Huo mwegemeo hata krimu inao, na krimu ndipo watu wengi hunaswa, kwa sababu krimu mbili kwenye kadi waziona sawa kabisa, ukizipaka ukutani moja yaenda waridi kidogo nyengine yaenda kijani, na ukishaona huo ukijani huwezi tena kuacha kuuona.

Neno la pili ni lile linaloandikwa LRV nyuma ya kadi au kwenye katalogi za kampuni nyingi. Ni namba ya kuonyesha rangi yarudisha mwanga kiasi gani, 0 ni nyeusi tititi na 100 ni nyeupe isiyobakisha kitu. Krimu hafifu hupanda juu ya 75, manjano za asali huwa katikati, na haradali nzito zashuka chini ya 50, yaani zaidi ya nusu ya mwanga unaogonga ukuta hauturudii. Hapa ndipo ile imani kubwa kuliko zote yavunjika, ati chumba cha giza kipake manjano kitang'aa. Rangi haina mwanga wake. Yarudisha tu kile kilichoifikia, na kama dirisha lako latazamana na ukuta wa jirani hatua mbili tu, manjano haina cha kurudisha, itakaa pale imenuna. Tena manjano ikikosa mwanga jicho letu hulisoma giza lake kama kijani. Usiamini maneno yangu, chukua rangi ya manjano ya mtoto ya shule uichanganye na nyeusi kidogo uone inageuka nini. Ndivyo zilivyo kona za chumba chako saa kumi na mbili jioni.

Kwa hiyo chumba cha giza, kama lazima iwe manjano, chagua iliyoegemea nyekundu na iwe hafifu, krimu yenye ukunde kidogo. Au kiache nyeupe.

Sasa kuhusu kadi. Kale kakipande ka kadi ya rangi ni kadogo kuliko kiganja, kamezungukwa na nyeupe, nawe wakatazama chini ya tyubu za duka. Kuchagua ukuta kwa kadi ni sawa na kuonja mchuzi kwa ncha ya kidole halafu ukaambiwa sufuria nzima ni yako. Kuna sababu ya kweli ndani yake, si kwamba macho yako yamekudanganya tu. Rangi ya manjano humeza mwanga wa buluu na kurudisha mwekundu na wa kijani. Mwanga ukigonga ukuta wa kwanza wapoteza buluu kidogo, waruka kwenda ukuta wa pili wapoteza tena, wa tatu tena, kwa hivyo kuta nne zikitazamana zaongezana utamu, na manjano iliyokuwa ya adabu dukani yafika chumbani imekolea zaidi. Dari nyeupe nayo hupata rangi ya bure. Ukitaka kuona, shika leso ya manjano karibu na ukuta mweupe wakati jua laingia dirishani, ukuta wenyewe wabadilika. Mafundi wazoefu washajua hili, ndiyo sababu ukiwauliza watakwambia ukipenda rangi fulani kwenye kadi ya manjano, shuka ngazi moja au mbili kwenda hafifu. Wasikilize.

Bora zaidi ya kadi ni kununua mkebe mdogo kabisa, upake koti mbili kwenye kipande cha hadibodi au hata katoni iliyopigwa nyeupe kwanza, upana kama nusu mita, kisha ukihamishe. Kiweke ukuta wa dirishani, kiweke ukuta unaotazama dirisha, kitazame asubuhi, adhuhuri, alasiri, halafu magharibi taa zikiwashwa. Acha ukingo mweupe pembeni, kwa sababu ukikiegemeza juu ya ukuta wako wa zamani wa buluu, buluu itaifanya manjano ionekane kali kuliko ilivyo. Na subiri ikauke sawasawa kabla ya kuhukumu, rangi nyingi za maji zikikauka hukolea kidogo.

Kuna jambo moja ambalo makala za Ulaya hutuchanganya sana nalo, na zimenakiliwa kila mahali. Utasoma kwamba chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga baridi kwa hiyo kipakwe manjano, na cha kusini kina jua siku nzima. Hiyo ni kweli kwa London. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, jua lapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Oktoba, katikati ya mwaka liko upande wetu wa kaskazini na Desemba liko upande wa kusini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini hapa hupata jua Juni na halipati Desemba, na la kusini kinyume chake. Kwetu kinachoamua ni mashariki na magharibi. Chumba cha mashariki chapata mwanga mkali asubuhi halafu mchana wote chabaki na mwanga wa kivuli, ambao una ubuluu wa mbingu, na hapo manjano baridi huonekana kama imeugua. Chumba cha magharibi ndicho cha kuangaliwa zaidi, maana jua la alasiri likishuka huja na rangi yake ya machungwa, na ikikutana na haradali ukutani, sebule yaweza kuwa tangawizi tupu. Wengine wapenda hivyo. Mimi nikiona jua lile kwenye kuta za Fort Jesus upande wa mjini, zile za rangi ya udongo, naona ni uzuri mtupu, lakini ile iko nje na ina anga lote la kupumulia, chumba cha mita 3 hakina.

Na tazama kilicho nje ya dirisha lako. Mwarobaini au mwembe mkubwa uliokaribia dirisha wachuja mwanga na kukuletea ukijani ndani, watu wengi wa Tudor na Kizingo wenye bustani za zamani wanashtaki rangi kumbe ni mti. Vichochoro vya Mji wa Kale vina mambo yake, mwanga haufiki moja kwa moja, wagonga ukuta wa jirani kwanza, na jirani akipaka nyeupe wewe wafaidi, akipaka kijani mmegawana.

Usiku sasa, na hapa ndipo pesa za rangi huliwa na taa ya shilingi mia na kitu. Kila balbu ya LED ina namba yenye herufi K kwenye boksi au kwenye shingo yake, hiyo ni kelvini, yaeleza rangi ya mwanga. 2700K na 3000K ni mwanga wa dhahabu, 4000K ni wa katikati, 6500K ni ule mweupe wenye ubuluu ambao maduka yetu yamejaa huo na watu waupenda kwa sababu wadhani ndio wenye nguvu. Nguvu ni lumeni, ni namba nyengine kabisa, balbu ya 3000K yaweza kuwaka kuliko ya 6500K. Chini ya mwanga wa 6500K manjano yako ya asali yapauka, hufanana na karatasi ya zamani, na tailisi nyeupe za sakafuni zaonekana za buluu kando yake. Badilisha balbu kabla hujamwita fundi arudie ukuta. Naomba mtu yeyote mwenye manjano iliyomkera ajaribu hili usiku wa leo, maana ni bei ya sahani ya viazi karai.

Haya, tuje kwa yale yanayosemwa barazani.

Kwamba manjano yaongeza joto la nyumba. Ukuta wa ndani haupigwi na jua. Joto la nyumba zetu latoka juu, kwenye mabati au kwenye slabu iliyokaa juani kutwa na kuachilia joto lake usiku, latoka ukuta wa nje wa magharibi, na madirisha yasiyopitanisha upepo. Rangi iliyo na kazi kwenye joto ni ya nje na ya paa, nyeupe hurudisha jua na nyeusi hulimeza. Ndani, watu wengine huhisi chumba cha rangi hizi ni cha moto zaidi, hisia hiyo ipo, lakini ukitundika kipimajoto hakisogei. Ukiwa wewe ni wa kuhisi hivyo basi usipake chumba cha kulala, paka ukumbini au kwenye korido.

Kwamba watoto wachanga hulia zaidi chumba cha manjano. Hii yarudiwa sana mitandaoni kama vile kuna daktari aliyeithibitisha, na haina ushahidi wa maana. Mtoto wa Mombasa analia kwa joto, mbu na njaa.

Kwamba yavuta wadudu. Wakulima hutumia kweli mitego ya manjano yenye gundi kunasa inzi weupe na vidukari, ila hao ni wadudu wa mimea na wafuata mimea. Na balbu ya rangi ya dhahabu usiku kwa kawaida huvuta wadudu wachache kuliko ile nyeupe ya buluu, kwa hiyo hapo hata wapata faida.

Na wapo wanaouliza kama yaruhusiwa, kwa kuwa mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya mjini yapakwe nyeupe na buluu. Yale maagizo yalihusu nje. Ndani mwako wa kukuzuia ni mwenye nyumba peke yake kama umekodi, na yeye muulize kabla, si siku ya kurudisha funguo.

Kilichomo ndani ya mkebe chastahili maneno zaidi kidogo, kwa sababu manjano mbili zinazofanana zaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Manjano za udongo, hizi za haradali na asali iliyotulia, kwa kawaida hupata rangi yake kutoka kwa oksidi ya chuma, ndugu wa ile oksaidi nyekundu ya sakafu za zamani. Zafunika vizuri, jua haliziparuzi, chokaa haizili. Manjano zile kali zenye kung'aa hutumia unga wa aina nyengine ambao mara nyingi ni mwepesi, wapitisha kilicho chini yake, kwa hiyo koti mbili zaonyesha michirizi ya rola na ukuta wa zamani wachungulia, fundi aenda tatu, aenda nne, wewe wadhani anakula rangi yako. Piga hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7, kuta zake ni kama mita 35 za mraba, toa mlango na dirisha yabaki kama 31. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita 10 kwa koti moja kwenye ukuta ulio laini. Koti mbili ni lita 6 na kidogo, yaani mikebe miwili ya lita 4 na chenji yabaki. Koti nne ni zaidi ya lita 12, mikebe mitatu na bado hujamaliza. Ndio maana ukipenda manjano kali, piga andakoti nyeupe kwanza, hasa kama ukuta ulikuwa buluu au kijani, andakoti ni rahisi kuliko rangi ya kuchanganywa kwa mashini.

Halafu kuna jambo la risasi, ile metali yenye sumu (lead), na hili silipiti haraka. Kwa miaka mingi manjano kali iliyofunika vizuri ilitengenezwa kwa kromati ya risasi, na duniani kote rangi za mafuta za manjano na nyekundu ndizo zilizokuwa zikikutwa na risasi nyingi zaidi. Watu wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa risasi ni nini, tulishuhudia wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru walivyodhurika kwa sumu yake kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 kwa milioni kwenye rangi. Kwa ukuta wa ndani tumia rangi ya maji ya kampuni inayoeleweka, yenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na usome mkebe kama imeandikwa haina risasi. Hatari kubwa zaidi iko kwenye milango, madirisha na vitanda vya zamani vilivyopakwa mafuta ya manjano miaka hiyo: usivipige msasa vikavu mtoto akiwa ndani ya nyumba. Vilowanishe, funga mlango, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe.

Ukuta wenyewe nao una neno. Nyumba za Mji wa Kale, Kibokoni, Kuze kule, nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hupumua, unyevu huingia na kutoka na huja na chumvi. Ukizifunika kwa rangi ya plastiki nzito unyevu hukosa njia, baada ya muda rangi yafura na kubanduka vipande, na kwenye manjano yale madoa meupe ya chumvi huonekana kutoka mlangoni. Huko chokaa iliyotiwa unga wa manjano ya udongo ndiyo yafaa, yapata mawingu mawingu na mimi nafikiri ni nzuri kuliko rangi yoyote ya mkebe, ila si kila fundi wa leo aijua. Nyumba mpya ya bloku na plasta ya simiti iachwe ikauke kama wiki nne kwanza, simiti mbichi ni kali na baadhi ya unga wa manjano huungua ikatoka mabaka. Kama waweza kungojea, Januari na Februari ndio ukavu, Mei mvua ikishika koti moja yaweza kukuchukua siku.

Kuhusu kuiweka wapi, kuta nne za haradali kwenye fleti ya Majengo yenye dirisha moja siipendekezi kwa adui. Ukuta mmoja watosha, ule unaotazamana na dirisha kwa kuwa ndio unaopokea mwanga, na zilizobaki ziwe krimu yenye mwegemeo ule ule. Manjano ya asali hukaa vizuri sana na mbao nyeusi nyeusi, mlango wa mvule, kiti cha Lamu, boriti za dari kama unazo, na sakafu nyekundu yaisukuma zaidi upande wa joto kwa hiyo hapo punguza. Jikoni chukua ile ya silki, yenye mng'ao kidogo na inayooshika, mafuta ya bhajia hayana huruma, lakini silki yaonyesha kila kilima na bonde la plasta kwa hiyo ukuta upigwe fila na msasa kwanza. Ukumbini mati, ile isiyong'aa, yaficha makosa.

Mwisho ni siku ya kupaka. Mikebe yote ya manjano imwagwe kwenye ndoo moja kubwa ikorogwe pamoja kabla ya rola kuguswa, mashini ya duka haichanganyi mikebe miwili sawa kabisa na manjano haijui kuficha. Itakayobaki itie kwenye chupa, ijaze mpaka juu hewa isikae, uandike namba ya rangi na tarehe. Na mtoto akichora ukuta baada ya mwaka usipake kiraka, paka ukuta mzima kutoka kona hadi kona, kwa sababu ule wa zamani utakuwa umeshabadilika kidogo na kiraka kitaonekana kuliko mchoro wenyewe.